Mjumbe Niliyemuua kwa Koleo

Wasomaji wangu, leo naungama.

Nimeandika mara nyingi juu ya makosa ya wengine. Ya wakubwa, ya wahariri, ya makonda wa daladala. Leo ni zamu yangu. Na kosa lenyewe lina umeme ndani yake, kwa hiyo kaa vizuri, weka chai pembeni, maana itabidi tufungue kisanduku na kuangalia nyaya. Usiogope. Kama mimi niliyepata alama za aibu kwenye Fizikia nimeelewa, wewe utaelewa mara mbili.

Mjomba wangu anaishi Tanga. Ujana wake wote aliumalizia baharini, afisa redio kwenye meli za mizigo. Kazi yake ilikuwa kukaa na visikizi masikioni, kugonga alama za Morse na kuhakikisha meli haipotei masikioni mwa dunia. Kisha kazi hiyo ikafa. Tarehe 1 Februari 1999 mfumo mpya wa mawasiliano ya dharura baharini, unaotumia setilaiti, ulianza kutumika kikamilifu, na meli hazikulazimika tena kubeba mtu wa aina yake. Mjomba akarudi nyumbani na sanduku moja la nguo na masanduku mawili ya vipuri.

Lakini mtu aliyesikiliza dunia miaka yote hiyo hawezi kukaa kimya tu akicheza bao. Akachukua leseni ya redio ya ridhaa. Hawa si watangazaji, hawapigi muziki, wala hawaruhusiwi kufanya biashara hewani. Ni watu binafsi wenye leseni na majina ya hewani (ya Tanzania huanza na 5H) wanaoongea na wenzao duniani kwa mitambo wanayoimudu wenyewe. Hakuna bando. Hakuna mnara. Sauti inapanda, inapinda kwenye tabaka la juu la anga, inashuka nchi nyingine.

Na Mjomba ana miadi. Kila Jumapili jioni, kwenye bendi ya mita 20, anaongea na rafiki yake waliyesafiri naye, mzee mmoja wa Muscat anayezungumza Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko changu. Kutoka Tanga hadi Muscat ni zaidi ya kilometa 3,500. Niliwahi kumwuliza, "Mjomba, kwa nini msipigiane tu simu?"

Akanijibu, "Simu ni ya misiba na harusi. Hii ni ya kuongea."

Sasa tuje kwenye kisanduku.

Redio ya Mjomba inataka umeme wa volti 13.8. Kwa nini namba ya ajabu hivyo? Kwa sababu betri ya gari tunayoiita ya volti 12 hukaa karibu na hapo gari linapounguruma na betri inachajiwa, na redio nyingi za aina hii zimetengenezwa ziweze kufungwa hata kwenye gari. Kitabu cha redio yake kinaruhusu asilimia 15 juu au chini. Yaani isipungue volti 11.7 hivi, na isizidi 15.9 hivi. Na inapotuma kwa nguvu ya wati 100, inakula karibu ampea 20. Chaja ya simu yako hapo haina hata salamu.

Kwa hiyo kati ya soketi ya ukutani na redio kuna pawa saplai. Ya Mjomba aliitengeneza kwa mkono. Ndani kuna transfoma nzito kama jiwe la kusagia, inayoshusha volti 230 hadi 18. Kuna dayodi za kunyoosha umeme, na kapasita kubwa kama makopo ya maziwa za kuulainisha. Ukipima hapo, kabla redio haijaanza kuvuta, unakuta karibu volti 24. Kisha zinafuata transista nne za 2N3055, zimefungwa kwenye mabati ya kupoozea joto, zinazopitisha umeme kuelekea redioni. Zinaongozwa na chipu ndogo ya 723 inayopima volti za mwisho muda wote na kuziambia: ongeza, punguza, ongeza, punguza. Ndiyo bomba, na chipu ndiyo mkono kwenye koki.

Mambo yakienda sawa, zinatoka volti 13.8 tu. Swali ni hili: mambo yakienda kombo je?

Agosti 2023 Mjomba alikuja Dar kutolewa mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa na likizo, nikaombwa kwenda kulinda nyumba yake. Aliniachia funguo, paka, na amri moja: "Mjomba" (sisi huitana hivyo pande zote mbili), "redio sikiliza upendavyo. Usitume, huna leseni. Na ikiharibika, iache kama ilivyo mpaka nirudi."

Siku mbili za kwanza nilikuwa mfalme. Usiku nasikiliza Wahindi, Warusi, Waafrika Kusini. Siku ya tatu, jioni, umeme ukakatika. Ukarudi baada ya nusu saa, kwa ule mshindo tunaoujua wote, taa zikang'aa kupita kiasi halafu zikatulia. Kwenye kisanduku nikasikia "tak!" Redio kimya. Fyuzi imekatika.

Nikatafuta fyuzi nyingine kwenye kopo la Mjomba. Nikaweka, nikawasha. Tak! Nikaweka ya tatu. Tak!

Hapo mtu mwenye akili angekumbuka amri. Mimi nilikuwa na likizo, simu yenye intaneti na kiburi cha mwandishi wa habari anayeamini kwamba akisoma kurasa tatu amekuwa mtaalamu. Nikafungua kifuniko. Nikasoma. Nikaambiwa kuna kipande kimoja kimeunganishwa kukatiza njia ya kutokea, kati ya chanya na hasi, kiitwacho thairista, na kwamba hicho kikiwaka kinafanya shoti ya makusudi na kukata fyuzi. Nikasoma pia kwamba wakati mwingine huwaka bure, bila sababu, kwa kuchokozwa na mawimbi ya redio yenyewe.

Nikasema, mwizi ndiye huyu! Ndiye anayenimalizia fyuzi!

Nikachukua koleo. Nikakata mguu mmoja wa thairista. Nikaweka fyuzi ya mwisho. Nikawasha.

Fyuzi haikukatika. Jamani, nilirukaruka. Nikajipiga picha. Mbele ya kisanduku kuna mita ya mshale inayoonyesha volti, na mshale ulikuwa umelala mwisho kabisa kulia. Nikaiangalia, nikasema, "Mita nayo imekufa." Nikachomeka redio.

Taa ya kioo chake iliwaka nyeupe isivyo kawaida. Spika ikanguruma kama ng'ombe. Kisha ikaja ile harufu. Aliyewahi kuunguza kifaa anaijua: harufu ya samaki waliooza iliyochanganyika na plastiki. Nikachomoa waya ukutani, lakini nilikuwa nimechelewa.

Nikakaa chini sakafuni. Paka akaja kunusa, akaondoka.

Sasa sikilizeni sehemu ya aibu zaidi. Nilimpigia Mjomba nikamwambia, "Umeme ulikatika, uliporudi ukaja na nguvu, redio imeungua." Kila neno hapo lina ukweli wake. Umeme ulikatika kweli. Ulirudi na nguvu kweli. Redio imeungua kweli. Mimi ninayewafundisha wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo kwamba habari inaweza kuwa ya uongo bila kuwa na sentensi hata moja ya uongo, nikaipika moja kwa ajili ya mzee mwenye bandeji jichoni.

Akasema, "Pole, mwanangu. Wewe hujaumia?" Hilo tu ndilo alilouliza.

Wiki mbili baadaye alirudi Tanga, na mimi nikapanda basi Ijumaa kwenda kumwona. Nikamkuta ameshafungua kisanduku, kimekaa mezani juu ya gazeti, taa ya mezani inamulika ndani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Njoo uone ajabu." Akanyoosha bisibisi kwenye mguu uliokatwa. "Umeme wa siku hizi unatumia koleo?"

Sikuwa na la kusema. Nikamweleza yote, kuanzia fyuzi ya kwanza. Hakupandisha sauti. Alivuta kiti akaniambia kaa. Na usiku ule, badala ya kunigombeza, alinisomesha. Ningependa angenigombeza.

Alianza na transista. Akaweka mita yake, akapima moja baada ya nyingine. Tatu nzima, moja imeshoti. "Watu wanadhani transista ikifa inakuwa kama daraja lililovunjika, hakuna kinachopita," akasema. "Mara nyingi ni kinyume. Ikifa kwa joto au kwa mshtuko inayeyuka ndani, inakuwa kama lango lisilofungika. Chipu inapiga kelele punguza, punguza, na hakuna anayesikia." Kwa hiyo zile volti 24 zinapita moja kwa moja kuelekea kwenye kifaa kilichojengwa kuvumilia chini ya 16.

Ile iliyokufa alikuwa ameinunua miaka miwili nyuma, badala ya nyingine. Akaikata kofia kwa msumeno wa chuma, na ya zamani iliyokuwa koponi pia akaikata, akaniwekea zote mbili. Ndani ya ile ya zamani kipande chenyewe cha silikoni kilikuwa kipana, kimekaa kwa heshima. Ndani ya ile mpya, kidogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Juu zote mbili zimeandikwa namba ileile. Feki, kwa kifupi. Ndiyo maana mshtuko ule uliipata hiyo kabla ya wenzake.

Kisha akaniambia habari ya thairista. Waingereza wameipa saketi hiyo jina la mtaimbo, kama vile mtu ameangusha mtaimbo wa chuma juu ya nguzo mbili za betri. Kuna dayodi ya zena ya volti 15 inayolinda mlango. Volti zikiwa chini ya hapo, hakuna kinachotokea, thairista imelala. Zikivuka, zena inapitisha, thairista inaamka, inaunganisha chanya na hasi kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Volti zinaanguka karibu na sifuri. Na ikishaamka hailali tena mpaka umeme ukatike. Mkondo mkubwa unapita, fyuzi inakatika. Redio inabaki kimya, lakini hai.

"Umeelewa?" akaniuliza. "Fyuzi ya kwanza ilipokatika, redio ilikuwa nzima. Ya pili, nzima. Ya tatu, nzima. Mara tatu ilikuokoa. Wewe ukaenda ukaikata."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema lile neno ambalo sote tumelisikia tangu utotoni: "Mjumbe hauawi, mjomba."

Nilisikia moto usoni.

Nikajaribu kujitetea. Nikasema nilisoma kwamba huwa inawaka bure. Akakubali! Akasema ni kweli, mawimbi yakiingia kwenye nyaya huweza kuamsha thairista pasipo kosa, ndiyo maana yeye aliweka kapasita ndogo mlangoni pake za kuyamwaga hayo mawimbi. "Mjumbe naye hukosea. Lakini unajuaje kama amekosea? Unapima. Ungechomoa redio, ukaweka mita, ukaona 24. Sekunde 10. Na mita ya mbele ilikuwa inakuonyesha bure, ukaiita mfu."

Wajumbe wawili kwa usiku mmoja.

Akaendelea, nami nikachukua daftari, maana ni tabia. Mtaimbo hulinda redio dhidi ya volti kuzidi. Lakini pawa saplai yenyewe inalindwa na nani ikiwa waya za redio zimegusana? Kuna ukomo wa mkondo. Rezista ndogo sana, sehemu ndogo ya omu moja, hukaa njiani. Ampea zikipanda, juu yake hujitokeza volti kidogo, na zikifika 0.65 hivi chipu inajua mtu anavuta kupita kiasi. Basi inabana koki.

Nikadhani hapo kazi imekwisha. Akaniambia piga hesabu. Tuseme kazi imeanza, na volti kwenye kapasita zimeshuka hadi 20. Redio inavuta ampea 20 kwa volti 13.8. Tofauti ya volti 6.2 inabaki juu ya transista, mara 20, ni wati 124 za joto. Nne zinagawana, zinaweza. Sasa nyaya zimeshoti na ukomo umewekwa ampea 25. Redio haipati kitu, volti zote 20 zinabaki juu ya transista. Mara 25. Wati 500! Na 2N3055 moja, ile ya kweli, inavumilia wati 115 tu, tena ikiwa imepoozwa vizuri kuliko iwezekanavyo nyumbani kwa mtu. Nne ni 460. Kwa hiyo kulinda kwa kusema "usizidi 25" kunaua mlinzi mwenyewe.

Ndiyo maana waliobobea huweka ukomo unaorudi nyuma: shoti ikitokea, pawa saplai haishikilii ampea 25, bali inapunguza hadi chache tu mpaka tatizo liondoke. Mjomba aliicheka sura yangu. "Ni kama kugombana na mkeo. Akipandisha sauti, wewe usibaki palepale. Shuka."

Mimi sijaoa, lakini nimeandika.

Kuna na fyuzi kwenye nyaya zote mbili za redio, chanya na hasi. Kuna dayodi kubwa iliyolala kinyume, ili mtu akigeuza nyaya kwa bahati mbaya, ipitishe yenyewe na kukata fyuzi. Kuna kipande cha kumeza mishtuko pale umeme wa ukutani unapoingia. Vingi vya vitu hivi huwa havifanyi chochote, mwaka baada ya mwaka. Ukiviangalia utasema ni gharama tu. Siku vikifanya kazi unaviona kama ndivyo adui, kwa sababu siku hiyo ndiyo unayokosa unachotaka.

Matengenezo yalichukua miezi mitatu. Transista za 2N3055 tulizipata, na safari hii kwa mtu anayejulikana. Za hatua ya mwisho ya redio ilibidi ziagizwe nje. Nililipa mimi. Ilikuwa karibu mshahara wangu wa mwezi, na sikununua kitu kingine chochote kwa raha kama nilivyolipa deni lile.

Lakini kuna ambacho sikuweza kulipa. Jumapili ya tatu ya ukimya, simu ya Mjomba ililia. Mzee wa Muscat. Kumbuka simu zao ni za nini: misiba na harusi. Mjomba alipopokea, upande wa pili hakukuwa na maneno kwa muda, kisha sauti ikasema, "Basi u hai." Alikuwa amekaa Jumapili tatu akiita hewani, bila jibu, akajikusanya kupiga simu ili aambiwe siku ya mazishi. Nilikuwepo sebuleni. Niliisikia ile pumzi.

Nilirudi Dar na jambo moja limenikaa. Kuna msomaji mmoja aliyekuwa akiniandikia baruapepe kila ninapotoa makala yenye takwimu. Umekosea hapa, angalia pale. Alikuwa ananichosha, nikaielekeza anwani yake moja kwa moja kwenye takataka. Koleo lilelile. Usiku mmoja nikazifungua. Zilikuwa sita. Nikazipima moja moja, kwa mita, kama nilivyofundishwa. Mbili alikosea yeye. Nne alikuwa sahihi, na moja kati ya hizo nne ilihusu jina la mtu niliyempa kosa lisilo lake. Nimeomba radhi kwa mhusika na masahihisho yamechapishwa. Yule msomaji nimemshukuru. Hajajibu, na sina haki ya kudai ajibu.

Desemba nilikwenda Tanga kwa ajili ya Jumapili ya kwanza. Kabla ya kuchomeka redio, Mjomba aliweka balbu ya taa ya gari kama mzigo, akapandisha volti polepole kwa bisibisi. Kumi na nne. Kumi na nne na nusu. Kumi na tano na kidogo... tak! Balbu ikazimika, fyuzi ikakatika. Akatabasamu kama mtu aliyesikia mtoto mchanga akilia.

"Mjumbe yuko kazini," akasema. Akarudisha 13.8, akaweka fyuzi mpya, akachomeka.

Saa kumi na mbili jioni akaita. Kelele za anga, mlio, kimya. Akaita tena. Ikaja ile sauti ya Unguja kutoka Muscat, nyembamba lakini kamili, ikamsalimu kwa jina. Wakaulizana hali, macho, wajukuu. Mwishoni mzee akauliza kama yule kijana yupo. Mjomba akasema yupo hapa pembeni.

"Msalimie. Mwambie tumemsamehe. Lakini akija tena, koleo aliache Dar."